Kupeana

Kwenye ile fomu kulikuwa na mahali pa kuandika sababu. Mstari mmoja tu. Afisa wa jamii aliniuliza, nami nikaongea karibu dakika ishirini, nikilia, nikirudi nyuma, nikikanusha nilichosema muda mfupi uliopita, na yeye akawa ananiitikia kwa kichwa, kwa upole. Nilipomaliza akainama akaandika: mama ni mwanafunzi, hana uwezo wa kumlea mtoto. Maneno manane. Nikatia sahihi chini yake kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye meza, kama zile za benki.

Simlaumu yule madamu. Alikuwa na rundo la mafaili mbele yake na wasichana wengine wawili wakisubiri kwenye benchi nje. Lakini nimekuwa nikiyafikiria yale maneno manane kwa miaka sita sasa. Si uongo. Shida ni kwamba mwanangu akienda siku moja kutafuta alikotoka, hicho ndicho atakachokuta kunihusu: sentensi moja, kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili chuoni. Alizaliwa mwezi wa sita, 2019. Tarehe sitaisema, wala hospitali, wala jina nililompa, na nashukuru kwamba Kiswahili kina adabu zake: "yeye" haitangazi kama ni msichana au mvulana. Kwa nini naficha, nitafika hapo.

Sisi Wakenya tunasema "kupeana mtoto." Mwalimu wangu wa Kiswahili kule Voi angeikata hiyo kwa kalamu nyekundu. Kupeana ni kwa watu wawili, angesema, huyu anampa yule na yule anampa huyu; sasa wewe umepeana na nani? Kisarufi hapingiki. Mimi nilitoa tu. Nilichopewa siku hiyo ni tishu na nauli ya matatu.

Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika wakati huo, haikuruhusu mipango ya kuasili ianze kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Wazo lenyewe ni zuri: mwili upone kidogo, akili itulie, mtu asitie sahihi na damu bado inamtoka. Wiki sita ni siku arobaini na mbili. Kwetu upande wa pwani mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na mzazi hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa kwa maji moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, watu wanaingia na kutoka wakimpa hongera. Mimi arobaini yangu niliikaa kwenye chumba cha rafiki yangu nje ya chuo, pazia limeshushwa mchana kutwa ili mwenye ploti asiulize maswali. Maziwa yalikuja siku ya tatu. Hayakuwa na habari kwamba mtoto yuko kwingine. Rafiki yangu akanifunga kifua kwa leso na kuniwekea majani ya kabeji, dawa aliyoiona mtandaoni. Chumba kizima kikanuka kama kibanda cha mama mboga. Tulicheka mpaka nikajipata nalia.

Mtoto alikuwa kwenye nyumba ya watoto. Niliruhusiwa kumwona, nikaenda mara mbili. Mara ya pili, wiki ya tano, alinitazama akatabasamu. Mlezi aliyekuwa karibu akaniambia ni gesi tumboni tu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anasema kweli au alikuwa ananihurumia.

Nikaenda kutia sahihi. Yaliyofuata yalifanyika bila mimi. Wazazi wake walipaswa kukaa naye miezi mitatu mfululizo kabla ya kupeleka ombi, kisha kesi ikaenda Mahakama Kuu, faraghani, kama kesi hizo zinavyosikizwa. Siku ambayo jaji alitoa amri mimi siijui. Labda nilikuwa nanunua tokeni za stima. Jina jipya likaandikwa kwenye sajili, na lile nililompa mimi likabaki halitumiwi na mtu yeyote duniani.

Babake je? Alibadilisha laini. Hiyo ndiyo aya yake.

Ukifiwa hapa kwetu, watu wanajua la kufanya. Wanakuja na sukari na majani, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa jioni hiyo hiyo, mchango unaanza, matanga yanakaliwa. Hata jirani msiyesalimiana anakuja kusema pole. Ukipeana mtoto hakuna kikundi. Yule rafiki yangu aliniambia, "Sasa uko huru, manze. Rudi class." Alikuwa na nia njema na alikuwa amenilisha wiki sita, kwa hivyo nilirudi. Mamangu alipata habari za mimba na habari za kupeana kwenye simu moja. Alinyamaza mpaka nikadhani kredo imeisha. Kisha akasema, "Basi, mama. Limepita. Tusilizungumze tena." Na kweli hatukulizungumza.

Nilimaliza muhula mmoja. Nilikuwa nakaa darasani nikihesabu wiki: sasa ana wiki kumi na nne, sasa anashika shingo. Karo ya muhula uliofuata ilipokosekana, nilipata sababu ya kuondoka ambayo haihitaji maelezo. Kila mtu anaelewa karo.

Ndipo nikaanza kuandika, lakini si vile unavyodhani. Niliandika kazi za darasa za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, ile biashara ambayo wengi wenu mnaosoma hapa mmewahi kuifanya au mna binamu anayeifanya. Dola nne kwa ukurasa, usiku kucha, kwenye bedsita ya Zimmerman ambayo maji huja Jumanne na Ijumaa. Mimi niliyeshindwa na chuo kimoja nikasomea vyuo ishirini kwa majina ya watu. Niliandika uuguzi, niliandika falsafa. Niliandika hata zile insha za "simulia tukio lililobadilisha maisha yako," ambapo nilimbunia kijana mmoja wa Ohio nyanya aliyefariki na saa ya mkononi aliyomwachia. Ilikuwa insha nzuri. Niliandika maisha ya kila mtu isipokuwa yangu, na sikuona kama kuna ajabu hapo.

Mwaka wa 2021 ikaja oda ya saikolojia, kurasa sita: je, kuandika kuhusu maumivu kunaisaidia afya ya mtu? Nikasoma utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall, wa 1986. Waliwachukua wanafunzi 46 wa chuo kikuu Marekani wakawaambia waandike dakika kumi na tano kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine walipewa mada zisizo na uzito wowote. Wengine waliandika jambo lililowaumiza zaidi maishani, lilivyotokea na walivyohisi. Hao walioandika yote mawili walimaliza kila kikao wakiwa na huzuni zaidi kuliko walivyoanza. Lakini miezi iliyofuata walienda kwa daktari wa chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimekuja baadaye, na ukizijumlisha zote faida inaonekana, ila ni ndogo, na haimfikii kila mtu. Hilo nililiandika pia, maana wahadhiri wanapenda ukionyesha umesoma mpaka mwisho.

Kwenye oda hiyo hiyo nilikutana na Kenneth Doka, ambaye mwaka wa 1989 aliandika juu ya majonzi ambayo jamii haiyatambui, msiba ambao mwenyewe hana ruhusa ya kuulia hadharani. Na Pauline Boss, aliyeandika kuhusu kumpoteza mtu ambaye hajafa: yuko na hayuko, na kwa hivyo huwezi kumzika wala kumngoja. Ilikuwa saa nane za usiku. Nilitoka nikasimama kwenye korido, miguu wazi juu ya simiti baridi. Kazi ilitakiwa kabla ya saa nne asubuhi. Nikarudi nikaimaliza. Mteja alinipa nyota tano.

Wiki hiyo nilinunua daftari la kurasa 96, lile la watoto wa shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikaweka simu ihesabu dakika kumi na tano.

Usiku wa kwanza niliandika yaliyotokea tu, kama mtu anayerekodi ripoti polisi. Saa, mahali, nani alisema nini. Usiku wa pili niliandika hasira, na mwandiko wenyewe ulikuwa umetoboa karatasi. Nesi aliyeniambia "si mlikuwa mnaona ni raha" alipata ukurasa mzima. Babake mtoto alipata miwili, nikajuta kuiharibu.

Usiku wa tatu nikaandika: nilipotoka kwenye ile ofisi nilisikia nafuu.

Nikaacha kuandika. Niliitazama hiyo sentensi mpaka simu ikalia. Nilikuwa sijawahi kuisema, hata kichwani. Nilitoka kwenye ofisi ile, nikavuka barabara, nikanunua chipsi, nikala zote nikiwa nimesimama, na nilikuwa mwepesi. Sikuwa na mtihani wa kesho wa kuukosa kwa ajili ya mtoto, sikuwa na maziwa ya kopo ya kununua, sikuwa na haja ya kurudi Voi na kifurushi mgongoni. Ule wepesi ulidumu mpaka jioni. Na miaka miwili yote niliyokuwa nikilia usiku, sehemu kubwa ya kilio ilikuwa ni huo wepesi. Nilikuwa najiambia: mama gani anapeana mtoto kisha anasikia njaa?

Usiku wa nne niliandika lile tabasamu la wiki ya tano.

Asubuhi ya tano sikuamka nimepona. Niliamka na macho yaliyovimba na oda mbili zilizochelewa, na moja nilikatwa pesa. Mtu akikwambia kuandika ni dawa, muulize kama amewahi kuandika. Kwangu ilikuwa zaidi kama kufungua dirisha kwenye chumba kilichofukiwa na moshi wa jiko: jiko bado linafuka, lakini sasa unaona vitu viko wapi.

Nilichokiona ni hiki. Kila mara nilipojaribu kumweleza mtu, alihitaji nichague hadithi moja. Kuna hadithi ya shujaa, kwamba ulimpenda sana ndiyo maana ukamtoa. Hiyo ndiyo wanayopenda watu wema. Na kuna ile nyingine, ulimtupa, ambayo hakuna anayekuambia usoni ila unaisikia kwenye matatu wakizungumzia msichana wa kwenye habari. Ukiongea, lazima uegemee moja, kwa sababu yule anayekusikiliza tayari uso wake umeshaegemea. Daftari halina uso. Kwenye ukurasa mmoja niliandika nilimtaka na nilisikia nafuu, na hakuna sentensi iliyoifuta nyingine.

Tangu hapo nimejaza madaftari matatu. Usidhani ni mambo mazito. Kurasa nyingi ni bei ya unga na ugomvi wa maji. Lakini kuna mengine. Kuna Jumapili ya Siku ya Akina Mama, mhubiri alipowaomba akina mama wote wasimame wapewe maua, baada ya kutuhubiria kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliinuka nusu, nikabadilisha nia, nikajifanya natafuta simu chini ya kiti. Nilikaa huko chini mpaka maua yakaisha. Nani angenijibu swali kama lile? Je, nisimame? Niliandika kurasa tatu kuhusu nusu ile ya kusimama.

Daftari la pili karibu lote ni swali moja: nilichagua, au sikuwa na la kuchagua? Lilianza niliposoma, kwa bando langu mwenyewe safari hii, kuhusu wanawake wa Australia ambao katika karne iliyopita walinyang'anywa watoto kwa sababu hawakuwa wameolewa. Seneti ilipochunguza suala hilo, wanawake hao waliandika. Mamia ya maandishi yalipelekwa, mengine yakitoka kwa watu waliokuwa wamenyamaza miaka arobaini, na ripoti ya 2012 imejaa sauti zao. Machi 21, 2013, Waziri Mkuu Julia Gillard aliwaomba radhi kwa niaba ya taifa. Nilisoma mpaka bando likaisha. Mimi hakuna aliyeninyang'anya. Kalamu niliishika mwenyewe. Lakini ningekuwa na shilingi elfu thelathini kwa mwezi na mtu wa kushika mtoto saa za darasa, ningeishika? Kuna siku jibu langu ni hapana, na kuna siku ni ndiyo, na nimeacha kuyalazimisha yakubaliane.

Sasa, kwa nini naficha. Kuna wakati nilitaka kuanika kila kitu, kwa jina langu na la hospitali na tarehe. Nilikuwa nimeshaandika nusu. Kisha nikamfikiria mtoto wa miaka kumi na tatu, mahali fulani nchini humu, akipigiwa kelele na wenzake waliounganisha tarehe na hospitali. Sijui wazazi wake wamemwambia nini, au watamwambia lini. Mimi nina haki ya kusema nilivyoumia, lakini habari za kuzaliwa kwake ni zake, na hajaniruhusu. Kwa hivyo mnasoma toleo lenye mashimo. Mashimo yenyewe yako kwenye madaftari, chini ya godoro.

Mapema mwaka huu nilipiga simu kwa lile shirika, nikauliza kama ninaweza kuacha barua kwenye faili. Nikaambiwa nilete. Nikayatoa madaftari yote matatu ili nichague cha kuandika, na nikayasoma mfululizo kwa mara ya kwanza. Ndipo nikaona kitu nilichokuwa nimekiandika mwenyewe bila kukiona.

Mwezi wa sita, 2021: mama amepiga, ameuliza kama nimekula. Mwezi wa sita, 2022, tarehe ile ile: mama amepiga, hana neno, ameuliza kama nimekula. 2023, vivyo hivyo. 2024 nilikuwa nimeongeza kwa hasira: hata hakumbuki leo ni siku gani, anauliza chakula. Mamangu si mtu wa simu. Hupiga kuna msiba au kuna mchango. Miaka minne, tarehe moja, swali moja, na mimi nilikuwa nikiyanakili kama ushahidi kwamba amesahau.

Kwa hivyo mwezi wa sita uliopita nilikuwa nimekaa kitandani nikiingoja. Ilipigwa saa moja jioni.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Leo ametimiza miaka sita."

Kimya. Kwa nyuma nilisikia mtu akipita na pikipiki.

"Najua," akasema. "Saa hizi yuko gredi wani."

Tuliongea karibu saa nzima, na haikuwa nzuri yote. Aliniambia kitu ambacho sijakimaliza kukifikiria: kwamba nilipopeana mtoto wangu nilipeana na mjukuu wake, na sikumuuliza. Sikuwa na jibu. Nilisema pole. Na yeye akasema pole. Hizo ndizo pole za kwanza kusemwa kwa ajili ya mtoto yule, na zilichelewa miaka sita.

Barua ni ukurasa mmoja. Nimemwandikia alivyotabasamu wiki ya tano, na kwamba mimi siamini ilikuwa gesi. Nimemwandikia jina lake la kwanza na nimelipata kwa nani. Ile nafuu niliitoa, nikairudisha, nikaitoa tena. Mwishowe nimeandika kwamba siku ile nilihisi mambo mawili kwa pamoja, na akitaka kuyajua yote aje aniulize, nitamwambia. Nisingeweza kuandika mstari huo kama daftari halingekuwa limeshaupokea ule mchafu.

Nilimsomea mama kwa simu. Aliishia darasa la saba na huwa anasema barua ni mambo yangu, lakini alinyamaza akafikiria, kisha akasema: "Mwambie nyanyake anakaa karibu na reli. Akiwa kwenye treni ya kwenda Mombasa, akifika Voi achungulie dirishani." Nimeandika hivyo hivyo.

Niliipeleka Alhamisi. Yule madamu wa zamani ameshaondoka. Sasa kuna kijana wa umri wangu, mpole, ana kikombe chenye picha ya timu yake ya mpira. Aliipiga barua muhuri akaitoboa matundu mawili.

"Siwezi kukuahidi ataisoma, dada," akasema. "Ninachoweza kukuahidi ni kwamba itakaa humu."

Nikamuuliza kama naweza kuiona ile fomu yangu. Akasema hapana, faili ni siri. Nikasema sawa.

Nilikuwa kwenye matatu pale Roysambu wakati ujumbe wa mama ulipoingia. Alikuwa ameuliza kama wameipokea. Nikamjibu wameipokea. Akaandika tena, akauliza kama nimekula.